Ukurasa wa Sita

Makokha alikuwa fundi. Hilo tusimnyang'anye, hata kama mengine yote tutamnyang'anya kabla hatujamaliza. Mwaka ule, hapa Nakuru, waliojua kutengeneza ukurasa wa mtandao kwa mkono, mstari kwa mstari, bila kunakili kazi ya mtu, ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Alifundisha kompyuta katika chuo kidogo cha orofani, na watu walimwita Mwalimu hata walipomkuta sokoni akibishania bei ya sukuma wiki. Kisha uchaguzi wa Desemba ukaharibika, watu wakaanza kuchomeana nyumba, chuo kikafungwa, na Februari ya 2008 ikamkuta Mwalimu amekaa kwake bila darasa, akisikiliza redio na kuigombeza.

Ndipo kamati ikamwita. Ilikuwa kamati ya wachungaji, wafanyabiashara na walimu wastaafu, waliojikusanya kuwatafutia watu jamaa zao waliopoteana katika kukimbia. Walimchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ilitajwa mkutanoni, nayo ni ufundi. Ya pili haikutajwa lakini kila mtu aliijua: Makokha alikuwa mtu wa Bungoma, na waliokuwa wakipigana huku hawakuwa wameamua wamweke upande gani. Mtu aliyeogopa kulitaja jina la ukoo wake mbele ya jirani wa miaka kumi angeweza kumwandikia Makokha.

Manju, mjane mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitoa chumba kilichokuwa juu ya duka lake, kompyuta mbili na laini ya intaneti. Akamtoa na binti yake Ritu, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Makokha, awe anaingiza majina yanayoletwa kutoka makambini. Yote hayo bure, na chai ya maziwa saa nne.

Siku ya pili tu ya kazi, mzee mmoja alisimama kwenye ngazi akalitaja jina la mwanawe kwa sauti, majina yote matatu. Vijana wawili waliokuwa wamejipanga kwenye foleni kama watu wengine wakamsikia, wakajua ni wa nani, wakamfuata hadi barabarani. Mzee alirudishwa amepasuliwa kichwa. Tangu hapo Makokha akaweka sheria. Jina halisemwi. Unaliandika kwenye kikaratasi, unakipitisha chini ya kidirisha cha mbao, Makokha anaandika kwenye kompyuta, anakugeuzia kioo usome jibu mwenyewe, halafu kikaratasi kinachanwa mbele yako. Ritu akawekwa nyuma ya pazia. Yeye alijua majina ya waliopatikana lakini hakuwaona wanaotafuta. Makokha aliwaona wanaotafuta lakini orodha hakuisoma, kwa sababu orodha ilikuwa kazi ya mashine. Aliieleza kamati kwamba ofisini mwake mkono wa kulia haujui unachofanya wa kushoto, na wachungaji wakafurahi kusikia Maandiko yakitumika.

Mtandao wenyewe ulikuwa na kurasa tano, kila kambi na ukurasa wake. Ukurasa hauna akili, ni karatasi tu. Lakini ndani yake Makokha alikuwa ameficha mstari mmoja ambao msomaji hauoni, unaoiambia seva, ile kompyuta inayotunza kurasa: kabla hujampa mtu ukurasa huu, itume skripti, yaani programu ndogo, ikaangalie orodha, na jibu itakalorudi nalo ulibandike hapa. Skripti ilihitaji kuambiwa mambo mawili, nani anatafutwa na kambi gani. Kwa kurasa zile tano, yote mawili yalisafiri katika anwani, kule juu ya kioo ambako kila mtu aliyaona. Haikuwa na neno. Uwanja wa maonyesho na uwanja wa mpira zilikuwa kambi ambazo hata ndege walizijua.

Ukurasa wa sita ulikuja na masharti. Karatasi yake iliteremka kutoka Molo ndani ya lori la viazi, imekunjwa mara nne, imeandikwa na muuguzi aitwaye Chepkemboi. Alikuwa ameokota watoto kumi na sita barabarani na mashambani, watoto wa upande huu na wa upande ule, akawalaza pamoja katika ukumbi wa kanisa. Simu haikuwa na chaji wala mahali pa kuichajia. Aliandika kwamba majina yatafutwe, lakini jina la mahali lisionekane popote. "Wakijua watoto wa nani wanalala na watoto wa nani," aliandika, "watakuja na petroli."

Kamati ikakubali, na Makokha akafurahi, maana hapo palihitaji ufundi. Akalitoa neno Molo kwenye anwani, akalihamishia ndani ya ukurasa, katika ule mstari ambao seva peke yake ndiyo huusoma. Sasa mzazi angetuma jina la mtoto tu, na seva yenyewe ingeiambia skripti, kimyakimya, iende Molo. Atakayepata jibu angepandishwa lori la viazi limpeleke.

Alichosahau ni hiki. Ukiuacha mstari ule bila maagizo, skripti huondoka na yote aliyoyaleta msomaji. Lakini ukiiandikia maagizo yako, maagizo yako ndiyo inayoondoka nayo, na yale aliyoyaleta msomaji hubaki mlangoni. Kwa hiyo skripti ilienda Molo kweli. Ilifika kila mara. Lakini ilifika bila jina la mtoto. Ni kama kumtuma mtu nyumba fulani na kusahau kumwambia unamtaka nani, naye akachungulia, akarudi akasema hayuko. Kwa maana skripti hiyo Makokha aliifundisha adabu: isipopata kitu iseme "Hakuna jina hilo hapa." Hakuifundisha kusema "Sikuambiwa jina."

Alipoujaribu ukurasa, sheria yake mwenyewe ya kutoisoma orodha ilimnyima jina la mtoto halisi la kujaribia. Akaandika lake. Makokha. Kioo kikajibu: Hakuna jina hilo hapa. Akatabasamu, akasema "Safi," akanywa chai yake. Jibu lilikuwa sahihi, na ndilo jibu ambalo ukurasa ule ungempa mtu yeyote duniani.

Nyuma ya pazia, siku hiyohiyo, Ritu aliingiza majina kumi na sita bila kukosea herufi.

Wangare alikuja kesho yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mchuuzi wa viazi, mwenye sauti ya chini na koti la kiume. Mumewe Kipketer alikuwa amekufa kwa ajali miaka miwili kabla ya vurugu, akamwachia shamba dogo nje ya Molo na binti mmoja. Binti alikuwa na jina la upande wa baba na sura ya upande wa mama, mtaji mbaya kwa mwezi ule. Siku nyumba zilipochomwa Wangare alikuwa Nakuru na magunia yake, mtoto amebaki kwa jirani. Barabara ikafungwa. Alipofika, jirani hakuwepo, nyumba haikuwepo, na mtoto hakuwepo. Tangu hapo alikuwa akilala kwenye hema pale uwanja wa maonyesho, na hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumtafuta.

Akapitisha kikaratasi: Cheptanui, miaka saba, Molo. Makokha akapita kurasa zote sita. Akageuza kioo.

Hakuna jina hilo hapa.

"Asante, Mwalimu," Wangare akasema, akashuka ngazi.

Siku ya nne ya ukurasa ule akarudi na vikaratasi vitatu, kwa sababu alikuwa amefikiria usiku kucha kwamba pengine mtoto aliandikwa kwa jina la ubatizo, au kwa lile la bibi yake, au kwa la utani la nyumbani. Makokha akayajaribu yote, tena kwa uvumilivu. Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, hadithi hii ingekuwa rahisi kuisimulia.

Siku ya sita foleni ilikuwa imefika hadi kwenye mifuko ya saruji ya Manju huko chini, umeme umepotea mara mbili, na Wangare akapitisha kikaratasi kilekile cha kwanza.

"Mama, hii nimeangalia."

"Niangalilie tu tena, Mwalimu. Labda wameongeza."

Akaangalia. Akageuza kioo. Wangare akakisoma, akaendelea kukitazama baada ya kumaliza kukisoma.

"Sasa hii kitu," akasema, "inaweza kusahau?"

Kuna swali ambalo fundi wa kweli hulipenda, na lilikuwa lile. Kuuliza si ujinga, mama alikuwa ameuliza. Lakini nyuma yake walisimama watu arobaini, na Makokha akasikia kwamba anadharauliwa.

"Mama, kompyuta haidanganyangi. Mtu hudanganya, mtu husahau. Hii, kama mtoto hayuko, hayuko." Kisha, kwa kuwa aliuona uso wake, akataka kumsaidia, na msaada huo ndio utakaomla hadi kaburini. "Umeenda mochari?"

Wangare alikiokota kikaratasi mwenyewe, akakichana mwenyewe, akashuka.

Alienda. Siku mbili alizunguka akifunuliwa mashuka na wahudumu waliochoka, akitazama watoto wa watu waliokatwa na waliochomwa, akitafuta alama ya mshono kwenye goti la kushoto. Siku ya nane alirudi kwenye kidirisha, na safari hii hakuleta kikaratasi.

"Huko pia hayuko," akasema.

Nguo zake zilinuka dawa ya maiti. Makokha alisogea nyuma kidogo kabla hajajizuia, akamwambia arudi wiki ijayo, huenda kukawa na orodha mpya.

Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, kabla kidirisha hakijafunguliwa, mlango ulisukumwa na mwanamke mfupi aliyevaa sweta la uuguzi na viatu vya mpira vyenye udongo mwekundu. Alikuwa amekuja katika kiti cha mbele cha lori la viazi, kati ya dereva na tanboi wake wa kupakia mizigo, tangu saa kumi na moja. Hakusalimia.

"Wewe ndiye Mwalimu?"

"Ndimi. Karibu, Sista..."

"Chepkemboi. Wa Molo. Nilikutumia karatasi." Alibaki amesimama. "Nataka uniambie kitu moja. Niko na watoto kumi na sita. Siku tisa. Hata mzazi mmoja hajakuja. Hata shangazi. Hata mtu wa kudanganya kwamba ni shangazi. Kwani hii Nakuru yote hakuna mtu amepoteza mtoto?"

Makokha akamtazama kwa mshangao wa kweli. Akamwambia kwamba mtandao unafanya kazi, kwamba kila siku anatafuta watu mia moja na zaidi, na kwamba wengi wamepatana.

"Kwangu wamepatana na nani?"

Makokha akageukia kompyuta. Kwa mara ya kwanza katika siku tisa akalifikiria jambo ambalo lilikuwa limekaa mbele ya macho yake: ukurasa wa sita haujawahi kusema ndiyo.

"Na sasa si kumi na sita," Chepkemboi akasema. Hapo sauti yake ikapungua, na hasira ikabaki bila mahali pa kusimama. "Ni kumi na tano. Kuna mmoja alishikwa na kifua. Baridi ya Molo unaijua, na blanketi tuko nazo saba. Dawa nilimpa. Lakini alikataa kula, alikuwa anakaa tu kwa mlango anangoja. Jana asubuhi akaenda. Tumemzika jana jioni, hatukuwa na pahali pa kumweka."

"Gani?" Makokha akauliza. "Yupi?"

"Kwa karatasi yangu ni wa saba."

Pazia likafunguka. Ritu alikuwa amesikia yote. Hakuhitaji kuitazama karatasi, lakini aliichukua, akaisoma, na midomo yake ikawa myeupe.

"Cheptanui," akasema. "Mama ni Wangare, anauza viazi Nakuru. Mimi niliingiza hiyo jina, Mwalimu. Siku ile ya kwanza kabisa niliingiza."

Makokha aliketi. Akaandika Cheptanui kwenye ukurasa wa sita. Hakuna jina hilo hapa. Akaufungua ukurasa kwa ndani, akautazama mstari wake, na kuujua ubovu wake hakukumchukua hata muda wa kuvuta pumzi. Neno Molo lilikuwepo. Pale ambapo jina alilotuma mzazi lingepitishwa hapakuwa na kitu. Akaliongeza neno moja, lile linaloiambia seva ichukue na yale yaliyoletwa na msomaji. Akahifadhi. Akaandika tena.

Cheptanui. Msichana. Miaka saba. Mama: Wangare.

Neno moja! Siku tisa, na neno moja. Alitamani angekuta kosa kubwa, la kutisha, la kumfanya mtu akeshe wiki nzima. Kosa lile lilikuwa dogo hata aibu yake haikupata pa kujificha.

Akainuka, akachungulia kwenye ufa wa kidirisha. Wangare alikuwa kwenye ngazi, wa nne kutoka juu, ingawa alikuwa ameambiwa aje wiki ijayo.

Hapa ndipo Makokha alipofikiria jambo ambalo wewe pia ungelifikiria. Karatasi ilikuwa ya Sista, na Sista mwenyewe ameingia sasa hivi mbele ya watu wote. Angeweza kusema orodha imefika leo. Ukurasa umeshatengenezwa, hakuna mtu Nakuru nzima, labda Kenya nzima, ambaye angeweza kuonyesha kwamba jana ulikuwa mbovu. Mama angelia, angeilaani vita, na vita ingebeba, kwa kuwa vita ilikuwa imebeba mengi na mgongo wake haukuuma. Akageuka. Ritu alikuwa akimtazama. Hakumtazama kwa kumlaumu. Alimtazama kama mwanafunzi anavyomngoja mwalimu aseme jibu.

Makokha akafungua mlango, akamwita Wangare ndani, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

Chepkemboi ndiye aliyesema la kifo, kwa kuwa ndiyo kazi yake na alijua kulisema bila kulizungusha. Alisema mtoto aliitwa Cheptanui, ana mshono kwenye goti la kushoto, alifika kwake akiwa hai, alikaa naye siku kumi na mbili, na jana amekufa. Wangare alisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Aliishika meza kwa mikono miwili, halafu akauliza swali moja.

"Siku kumi na mbili alikuwa hai?"

"Ndiyo, mama."

Akageuza uso kwa Makokha. "Na mimi nimekuja hapa siku ngapi?"

Makokha akaanza kueleza. Alieleza juu ya seva na skripti, juu ya yale yanayokuja kwenye anwani na yale yanayoandikwa ndani, na jinsi yale ya ndani yanavyoyafunika yale ya nje. Alieleza vibaya. Maneno ya darasani yalimtoka moja baada ya jingine, nayo yalikuwa ya kweli, na kila moja lilikuwa la kumficha yeye. Wangare alimwacha aongee mpaka akaishiwa.

"Mwalimu, mimi nilisoma mpaka darasa la saba," akasema. "Niambie kama mtu. Nikikupa ile karatasi yangu, wewe ulikuwa unauliza?"

"Nilikuwa nauliza, mama. Lakini jina ilikuwa haifiki."

"Haifiki. Na ikirudi bila kufika, ilikuwa inasema nini?"

"Ilikuwa inasema hayuko."

"Ilikuwa inasema hayuko." Akaliweka neno hilo mahali fulani ndani yake. "Na hiyo majina ya watoto, kabla iingie kwa mashine, ilikuwa kwa kitu gani?"

"Kwa karatasi."

"Karatasi iko wapi?"

Ritu akamnyooshea. Wangare hakuipokea kwanza.

"Siku zile nakuja, hii karatasi ilikuwa wapi?"

Ritu ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, akionyesha kwa kidole droo iliyokuwa chini ya kidirisha chenyewe, upande wa ndani, mahali ambapo mtu aliyesimama nje kupitisha kikaratasi angekuwa ameliegemeza tumbo lake. Ubao wa unene wa kidole ndio uliokuwa kati ya mama na jina la mwanawe.

"Na wewe, msichana yangu, ulikuwa wapi?"

"Hapa, Auntie. Nyuma ya pazia. Sikujua. Tulikatazwa kusema majina."

Wangare akaipokea karatasi. Makokha akapiga magoti, mtu mzima, akasema maneno ambayo mtu husema: nisamehe, mama, ni mimi, si mashine, ni mimi. Alikuwa akilia. Wangare alimtazama utosini kwa muda, pengine akimwonea huruma na pengine akimchukia, na kwa uso wake usingejua ni lipi.

"Ulinituma mochari," akasema.

Kisha akasimama, akaenda mlangoni.

Makokha akatambua anachotaka kufanya mama huyu. Akainuka upesi. "Mama, hapana. Usisome kwa sauti. Kuna watu wa kila aina hapo kwa ngazi. Uliza Ritu, kuna mzee walimpasua kichwa hapo nje kwa sababu ya jina. Ukurasa umekuwa sawa sasa, wacha nifungue dirisha, wataona mmoja mmoja..."

"Mficha uchi hazai, Mwalimu," Wangare akasema. "Na mimi nilizaa."

Akafungua mlango. Watu waliinua nyuso, ngazi nzima, hadi chini kwenye saruji, kila mtu na kikaratasi chake amekikunja ndani ya kiganja. Chepkemboi akatoka akasimama kando yake, akasema kwa nguvu kwamba yeye ni muuguzi, kwamba yuko na watoto, na kwamba mwenye mtoto aje kwake amnong'oneze, atapelekwa na lori leo. Hakusema ni wapi.

Wangare akaanza kusoma. Sauti yake ya chini ilikuwa sauti ya sokoni pia, kumbe, akiitaka.

"Kang'ethe. Miaka mitano."

Hakuna aliyemdai. Vijana fulani pale katikati wakatazamana, na Makokha, nyuma ya mlango, akaona mtu mmoja akiingiza mkono mfukoni. Mkono ukatoka na leso.

"Jepkemboi. Miaka minne. Ana dada mdogo."

"Wangu!" Ilitoka huko chini, sauti ya mwanamume, imepasuka. "Wangu hao! Wote wawili! Nipisheni!" Na watu wakampisha, wakamsukuma kwa mikono kumpandisha juu, watu ambao yeye asingethubutu kuwasalimia asubuhi ile, na mwanamke asiyejulikana wa upande mwingine akamshikia kofia iliyomdondoka.

"Mathenge. Miaka tisa."

"Ni wa dada yangu! Jamani, ni wa dada yangu!"

Makokha alisikia yote. Alikuwa ametengeneza kurasa sita, kidirisha, pazia na sheria ili jambo hili lisitokee, na sasa lilikuwa linatokea kwa dakika moja, bila kuhitaji umeme. Kompyuta iliyokuwa nyuma yake iliendelea kuonyesha jina, ikiwa sahihi kabisa.

Wangare akasoma la nne, likapata mtu. La tano na la sita hayakupata. Kila jina alilipa muda wake, akiangaza macho ngazini kutoka juu hadi chini kuona kama kuna atakayeinua mkono.

"Cheptanui," akasoma. "Miaka saba."

Akaangaza macho, akangoja kama alivyowangojea wengine. Kisha akateremsha kidole kwenye mstari uliofuata, akasoma jina la nane.